Kilio cha Peremende

Katika mji wa Arusha na vijiji vya miteremko ya Mlima Meru kumezuka kilio kisicho na maiti. Watu wazima wa miaka 40 na 50, wenye kazi, nyumba na watoto, wanaililia peremende. Wanalilia jojo iliyotafunwa mchana kutwa, ikabandikwa ukutani usiku, ikatafunwa tena asubuhi. Wanalilia kashata za karanga, lambalamba zilizopaka ulimi rangi, mahindi ya kuchoma ya kando ya barabara, na loshoro iliyopikwa na bibi katika chungu kimoja kwa nyumba nzima. Wanalilia gari la waya lenye magurudumu ya ndala kuukuu, mpira wa chandimu, gololi, rede, na kombolela ya mbalamwezi. Wanailia redio iliyokaa juu ya kabati chini ya kitambaa kilichofumwa, betri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu ya siku moja zaidi, na vituko vya Pwagu na Pwaguzi vilivyokusanya majirani. Na wale waliozaliwa nyuma kidogo wanailia televisheni ya kwanza ya mtaa, ambayo watoto wote waliichungulia kwa dirisha moja.

Kilio hiki husikika penye harusi na penye matanga, ndani ya magari ya abiria yapandayo Sanawari na yateremkayo Unga Limited, na katika mabaa ambamo muziki wa dansi wa kale hupigwa mpaka usiku wa manane. Mwanzo wake ni mtamu. Mmoja hutaja jina la mchezo, wa pili huongeza jina la peremende, wa tatu huimba nusu ya ubeti, na wote hucheka. Lakini mwisho wake sikuzote ni hukumu: kwamba zamani palikuwa na utamu, upendo na adabu, na kwamba leo hapana kitu, kwamba watoto wa siku hizi hawajui kucheza, hawajui kula, na hawajui muziki.

Kukumbuka si kosa. Mtu asiyekumbuka alikotoka ni kama mti uliochomekwa ardhini bila mizizi. Lakini kumbukumbu ikigeuzwa kuwa hukumu juu ya watu wengine, yapasa nayo ihukumiwe, iulizwe mashahidi wake, na ipimwe kama inasema kweli. Kumbukumbu hii ya peremende, ikiwekwa mizanini, huonekana kuwa na kasoro tatu: inasema uongo juu ya zamani, inawadhulumu vijana wa leo, na inamficha mtu aliyetenda lile linaloliliwa.

Kasoro ya tatu ndiyo kubwa, na imejificha ndani ya neno lenyewe ambalo watu hawa hulitumia kwa nyimbo zao. Huziita zilipendwa. Mwanafunzi yeyote wa sarufi ataona kwamba neno hili limo katika kauli ya kutendwa, na kwamba mtenda hakutajwa. Zilipendwa, na nani? Zikaachwa; na nani? Kilio chote kimejengwa kwa kauli hiyo. Viwanja viliuzwa, michezo ilisahauliwa, nyimbo zilipotea, watoto walifungiwa ndani. Kila jambo limetendwa, wala hapana aliyetenda. Sarufi haina hatia. Hatia ni ya wale wanaojificha nyuma yake.

Yafaa kuanza na peremende yenyewe, na kuuliza ilitoka wapi. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa Arusha, ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa tangu Februari mwaka ule hata Novemba 1983. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Sabuni, sukari, mafuta ya kupikia na dawa ya meno vikaadimika. Mtoto aliamshwa alfajiri akashike nafasi katika foleni ya duka, bila kujua kama kilichokuja ni unga au ni uvumi. Lakini kaskazini ya Arusha kuna Namanga, na Namanga ni mpaka. Na mpaka uliofungwa kwa amri hufunguka kwa magendo. Vitu vingi vidogo vitamu vinavyokumbukwa leo kwa machozi viliingia kwa njia za porini, vikauzwa kwa kunong'ona, kwa bei ambayo mwalimu wa shule hakuiweza. Mwaka 1983 serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, mzaliwa wa Monduli, ilitangaza vita juu ya wahujumu uchumi. Watu wakashikwa, na wengine kwa hofu wakatupa hata mali yao ya halali. Ni baada ya masharti ya biashara kulegezwa mwaka 1984, na zaidi baada ya Ali Hassan Mwinyi kushika urais Novemba 1985, ndipo rafu za maduka zilipoanza kujaa tena.

Kwa hiyo utamu ule ulikuwa utamu wa adimu. Peremende moja iliyogawanywa kwa meno kati ya watoto wanne haikuwa tamu kuliko peremende za leo. Ilikuwa moja, nao walikuwa wanne. Na yafaa kukumbuka yule wa tano, ambaye hakupata hata chembe, akapewa karatasi ailambe. Huyo hayumo katika hadithi zinazosimuliwa harusini. Hadithi husimuliwa na mtoto ambaye baba yake alikuwa dereva, au mjomba wake alikaa Namanga, naye akiwa mtu mzima hufikiri kwamba alivyoishi yeye ndivyo ilivyoishi nchi nzima.

Wapo watakaojibu kwamba, yakiachwa mambo ya dukani, chakula cha shambani na maji ya mlimani yalikuwa safi na yenye afya. Kuhusu chakula wana sehemu ya haki: ndizi, maziwa na mboga za Meru zilikuwa lishe njema kwa aliyekuwa na shamba na ng'ombe. Kuhusu maji, meno yao wenyewe huwasuta. Mlima Meru ni volkano, na mlipuko wake wa mwisho ulikuwa mwaka 1910. Majabali yake hutoa floridi katika chemchemi na vijito vingi vya miteremko yake, nayo floridi ikizidi huyatia meno ya mtoto rangi ya kahawia yangali ndani ya ufizi. Ikizidi sana hupinda mifupa. Kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania, kwa uhaba wa maji, ilikubali kwa muda kipimo cha miligramu 8 katika miaka ya 1970. Huko Ngurdoto, chini ya mlima, kulijengwa kituo cha kuchunguza namna ya kuyasafisha maji hayo, na mkaa wa mifupa ya ng'ombe ukatumiwa kuichuja floridi. Haya ndiyo maji yanayosifiwa. Yalikuwa baridi na yalikuwa maangavu, lakini wapo watu wazima Arusha ambao hata leo hufunika midomo yao kwa kiganja wakicheka, kwa sababu ya maji hayo.

Lipo jambo zito kuliko meno. Uchunguzi wa afya ya taifa wa mwaka 1991 na 1992 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa Tanzania, wapatao 141 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta ni 43. Hesabu hizi mbili zapasa kuandikwa juu ya mlango wa kila baa inayopiga muziki wa kale. Wanaokumbuka utoto wao kuwa peponi ni wale waliovuka. Mmoja katika kila saba hakuvuka. Hakupata jojo, hakusukuma gari la waya, wala hakufikia umri wa kuililia zamani. Atakayesema kwamba zamani watoto waliishi vizuri, na aseme kwanza ni watoto wangapi walioishi.

Itasemwa kwamba haya ni maneno makali mno kwa jambo dogo, kwamba mtu aliyetaja kashata hakusifu vifo vya watoto. Ni kweli hakuvisifu. Lakini hakutaja kashata peke yake. Alisema zamani ilikuwa bora, na neno zamani ni mfuko mmoja: ndani yake mna kashata, foleni, surua na kaburi dogo nyuma ya migomba. Asiyeutaka mfuko mzima na aseme alipenda kashata, basi, hapana atakayemlaumu.

Kasoro ya pili ni dhuluma kwa vijana, nayo huonekana wazi katika muziki na televisheni. Huambiwa kwamba muziki wa leo ni kelele zilizoigwa ng'ambo, hali muziki wa zamani ulikuwa wetu na wenye mafunzo. Wasemao haya wamesahau jinsi muziki wao wenyewe ulivyotendewa ulipokuwa mchanga. Dansi ilizaliwa kwa kuiga: ilichukua rumba ya Kuba iliyoletwa na sahani za santuri, ikachukua magita ya Kongo, ikatia maneno ya Kiswahili, na kwa jasho la miaka mingi ikawa mali ya Waafrika Mashariki. Mwaka 1969, katika siku za Operesheni Vijana iliyowapiga vita wavaao sketi fupi na suruali za kubana, muziki wa soul wa Wamarekani weusi ulipigwa marufuku katika Dar es Salaam kwa sababu eti unaharibu vijana. Vijana wale walioambiwa wanaharibika ndio wazee wa leo. Hawakuharibika, walizeeka, wakawa ndio wanaokemea.

Arusha inao ushahidi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 viongozi wa mkoa walifanya kampeni ya kuwalazimisha Wamaasai waache shuka zao na rangi nyekundu ya mwilini, wavae suruali. Vazi lile lilihesabiwa kuwa aibu kwa taifa changa. Leo shuka ile ile imetundikwa katika kila duka la mgeni kuanzia Mnara wa Saa, na watu husema huo ndio urithi. Kitu hakikugeuka, waamuzi ndio waliogeuka. Na kundi la X Plastaz, vijana wa Arusha walioanza katika miaka ya 1990, lilipochanganya maneno ya kufoka na sauti za uimbaji wa Kimaasai, wapo waliocheka na wapo waliokasirika. Albamu yao, Maasai Hip Hop, ilitoka Ulaya mwaka 2004. Leo vijana waliowasikiliza wamefika umri wa kulia, nao wameanza: wanasema kufoka kwa siku zao ndiko kulikokuwa na maana, na muziki wa sasa ni kelele. Hukumu ni ile ile, na imepita kutoka kizazi hata kizazi kama koti la marehemu, kila alivaaye huamini limeshonwa kwa kipimo chake.

Televisheni nayo ina kisa chake. Zanzibar ilipata televisheni katika miaka ya 1970. Tanzania Bara haikuwa nayo mpaka mwaka 1994, kwa kuwa serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona kuwa anasa ya wachache katika nchi ya wakulima. Ilipofika, wazee wa wakati ule walisema itaua hadithi za jioni, itavunja heshima, itawafanya watoto wazito wa mwili na wa akili. Watoto walioambiwa hivyo, waliobanana dirishani kwa jirani, sasa wana watoto wao, na huwaambia kwamba simu imeua televisheni, imevunja heshima, imewafanya wazito. Husifu ule ujirani wa dirishani. Lakini ujirani ule haukuwa mkataba wa upendo. Ulikuwa ni televisheni moja katika nyumba hamsini. Mwenye nyumba alipochoka alivuta pazia, na watoto walirudi kwao gizani. Kila mmoja wao aliapa njiani kwamba akiwa mkubwa atanunua yake. Wakawa wakubwa, wakanunua, kila mtu akafunga mlango wake. Sasa wanauliza ujirani umekwenda wapi.

Hapa ndipo kasoro ya tatu inapoanza kuonekana, na hapa pia ndipo kilio kinapopata haki yake. Haingekuwa insafu kukataa kwamba ndani ya makapi haya mna punje. Punje hiyo imo katika michezo. Gari la waya lilikuwa kazi ya ufundi. Mtoto wa miaka 9 alikusanya waya, akaupima kwa macho, akaukunja kwa meno na mawe, akakata magurudumu katika ndala iliyotupwa, akatia usukani mrefu wa kushikwa akiwa amesimama, na gari likakata kona. Likivunjika alilitengeneza, kwa kuwa alijua kila kiungo chake. Mpira wa chandimu ulisukwa kwa matambara, nailoni na kamba. Kombolela ilihitaji kopo moja tu, lakini ilihitaji pia sheria, na sheria zile zilitungwa na watoto, zikasimamiwa na watoto, na mwongo alitolewa mchezoni bila mzee kuitwa. Huo ulikuwa utawala wao. Mtu aliyelelewa hivyo ana haki ya kusikitika amwonapo mwanawe akisukuma gari la plastiki lililonunuliwa, ambalo likivunjika ni la kutupwa.

Lakini na aulizwe: waya umekwisha duniani? Ndala kuukuu zimekwisha? Makopo yamekwisha? Katika mji wa Arusha vitu hivi vimejaa majalalani kuliko wakati wowote. Kilichokwisha ni vitu vitatu: uwanja, wakati na ruhusa. Na vitu hivi vitatu havikuisha vyenyewe kama mvua. Viliondolewa, na walioviondoa wana majina. Ni watu wazima wa mji huu, na wengi wao ni wale wale wanaolia.

Uwanja uliokuwa wa wote, palipochezwa chandimu jioni, mtu aliupima, mwingine akauza, wa tatu akanunua, na wa nne aliyekuwa kiongozi wa mtaa akatia sahihi. Ukuta uliojengwa ukatiwa vipande vya chupa juu yake. Wakati wa mtoto nao ulichukuliwa na mzazi aliyemwandikisha shule ya mbali, akamwamsha alfajiri apande basi, akampokea magharibi na mzigo wa kazi za kuandika, na siku ya Jumamosi akamtafutia mwalimu wa masomo ya ziada. Ruhusa ilikwisha siku ile mtoto alipookota waya, akaambiwa autupe kwa kuwa ni uchafu. Mzazi huyo huyo jioni ile, akiwa na wenzake mezani, alisimulia magari ya waya aliyoyatengeneza yeye Kaloleni au Ngarenaro, na wenzake wakasema kwamba watoto wa siku hizi hawana ubunifu.

Watetezi wa wazazi watasema kwamba mji umebadilika. Sensa ya 1967 ilikuta Arusha ina watu wapatao 32,000. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya 617,000 katika jiji ambalo mipaka yake imepanuliwa. Pikipiki na magari yamejaa, watu hawajuani, na mtihani ni wa mashindano. Hoja hii ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Mama anayeogopa kumtoa mtoto wake barabarani si mjinga. Lakini hoja hii huthibitisha kinyume cha ile wanayoitetea. Ikiwa watu wameongezeka karibu mara 20, viwanja vya watoto vilipaswa kuongezeka, si kupungua. Na ikiwa barabara ina hatari, ndiyo sababu ya kudai uwanja wenye uzio na mlinzi katika kila mtaa. Nani alidai? Mkutano gani wa mtaa ulijaa watu kwa ajili ya uwanja kama ukumbi ujaavyo kwa ajili ya harusi? Watu wa Arusha ni hodari wa kuchangishana. Kamati ya harusi hukutana kila wiki kwa miezi, huandika ahadi, humfuata asiyelipa mpaka mlangoni kwake, na fedha hupatikana. Watu wenye ufundi huo hawawezi kusema kwamba hawakujua namna ya kununua ekari moja ya watoto.

Wala si lazima kwenda mbali kutafuta mfano wa kumbukumbu iliyofanya kazi. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, kaskazini mashariki ya mlima, ili mashamba wapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Watu wale walikuwa na sababu ya kulia kuliko mlia peremende yeyote, na hapana shaka walilia. Lakini hawakuishia hapo. Walichangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York, naye mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaieleza dunia yaliyowapata. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi siku ile. Lakini kesi ile iliwafunza Watanganyika wengi kwamba dola ile ingeweza kushitakiwa. Na habari yote isije ikapotea, Japhet mwenyewe pamoja na mwanasheria Earle Seaton waliiandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1967. Wameru walisema nani aliwatoa, walisema tarehe, walihesabu nyumba na mifugo. Hawakusema ardhi ilipotea.

Mfano wa pili umeandikwa juu ya lango la uwanja wa mpira wa Arusha, na maelfu hupita chini yake bila kuufikiri. Sheikh Amri Abeid, ambaye uwanja huo umepewa jina lake, aliona ujuzi wa washairi wa kale ukikaa vifuani mwa watu wachache. Hakulia kwamba washairi wa siku zake hawajui mizani. Alikaa akaandika sheria za kutunga mashairi, zikachapwa mwaka 1954 pamoja na diwani yake, ili kijana yeyote ajuaye kusoma aweze kujifunza. Waliokuja baadaye wakazipinga sheria zile, wakatunga mashairi yasiyo na vina, na mabishano yakaistawisha fasihi ya Kiswahili kwa miaka. Kumbukumbu iliyoandikwa hupingika, na inayopingika huzaa. Kumbukumbu ya baa haipingiki wala haizai. Hunywewa ikaisha, na kesho huanza upya.

Muziki wa kale nao umefikwa na hayo. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga, wenyeji wa Tanga, walifika Arusha wakaunda bendi ya Arusha Jazz. Mwaka 1971 wakavuka mpaka kwenda Kenya, na huko wakapata umaarufu kwa jina la Simba Wanyika. Kutoka bendi yao walitoka wengine mwaka 1978 wakaunda Les Wanyika, ambao wimbo wao Sina Makosa huimbwa mpaka leo katika kila harusi ya Arusha. Walikwenda Kenya kwa sababu Nairobi ndiko kulikokuwa na makampuni ya sahani; Tanzania mwanamuziki alirekodi redioni, na wimbo wake ukabaki katika mkanda. Basi ni wangapi kati ya wanaoucheza wimbo ule wajuao kwamba mizizi yake imepita katika mji wao? Ni nani aliyewauliza wazee waliocheza katika kumbi za Arusha ya 1970 majina ya wapigaji, ya kumbi na ya nyimbo, akayaandika? Wazee hao wanakufa mmoja mmoja, na kila afaye huenda na ukumbi mzima.

Kazi hii ni ya wanafunzi na wanavyuoni kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Michezo ya watoto wa Meru ina majina katika Kimeru, Kiarusha, Kimaasai, Kichaga na Kiswahili, na istilahi zake za kuanza, kusimamisha, kudanganya na kusamehe ni hazina ya lugha ambayo kamusi nyingi hazikuigusa. Mwanafunzi mmoja, kwa likizo moja, aweza kukusanya sheria za kombolela na rede katika vijiji vitano kutoka Tengeru hata Ngaramtoni, akaonyesha zinavyopishana. Mwingine aweza kuandika namna gari la waya linavyokunjwa, hatua kwa hatua, kwa picha, ili fundi wa miaka 9 alifuate. Wa tatu na aandike bei za peremende, njia za Namanga na siku za foleni kutoka midomoni mwa walioziona, wakiwamo walioambulia karatasi, pasipo kupaka sukari. Hayo yakifanyika, zamani itapata heshima yake, kwa kuwa itajulikana ilivyokuwa.

Na kwa wale ambao si wanavyuoni, shauri ni fupi zaidi. Aliyeona mpira wa chandimu ulikuwa mwema na aende katika mkutano wa mtaa wake akaulize kiwanja kilichosalia kimeandikwa kwa jina la nani. Aliyeona muziki wa kale ulikuwa na mafunzo na amwite kijana wake amfundishe, kisha asikilize na wa kijana, mpaka mwisho, bila kucheka. Aliyeona gari la waya lilikuwa shule na amtafutie mwanawe waya, ampe mchana mmoja wa Jumamosi, na amfungulie lango.